Pilipili Imekataa Tena

Jumamosi, 7 Juni

Nimefunua turubai saa tatu. Nimepangusa vumbi, nimeangalia oili, nimeangalia maji. Nimewasha. Stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki. Jumamosi ya tatu mfululizo.

Karis amekuja na pikipiki yake kutoka Thika. Ndiye fundi wa gari langu, Pilipili, tangu nilipokuwa supavaiza kule kiwandani, wakati bado alikuwa na nywele. Ameinama kidogo tu chini ya boneti, gari likanguruma. Akalizima. Akainama tena, eti anaangalia waya, akafunga boneti. Nikatoa pochi. Akakataa pesa. Akapitia jikoni kumsalimia mke wangu, akaenda zake.

Saa nane nimejaribu peke yangu. Imekataa.

Fundi anayekataa pesa. Sijapenda.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani kwa gari la jirani. Nimekunjwa kiti cha nyuma kama gunia. Baridi, manyunyu, na wimbo wa redio nisioupenda.

Pilipili ni gari la viti viwili, jekundu, paa lake hukunjwa. Watoto wa hapa Membley ndio waliolipa jina. Siku hizi hutoka Jumapili tu, na mara moja kwa mwezi kwenda Thika na kurudi. Hata hiyo kidogo nimenyimwa. Mke wangu, Mama Njeri, alikuwa na furaha njia nzima. Zamani alikuwa akipenda upepo kichwani. Sasa amependa gari la watu.

Vitabu vipya vya nyimbo vimechapishwa kwa wino hafifu. Wanabana matumizi, na sadaka zetu wanachukua.

Baada ya ibada mke wangu akasema nimempita mzee wa kanisa akiwa ameninyooshea mkono, upande wangu wa kushoto. Hapakuwa na mkono. Ningeuona.

Jumatano, 11 Juni

Nimemsikia mke wangu jikoni akiongea kwa simu. "Karis, endelea hivyo hivyo. Asijue." Nilipoingia akakata. Akasema ni mtu wa chama chao cha akiba. Mtu wa chama anaitwa Karis?

Kisha akaniomba tena niende kliniki ya macho. Tangu Aprili ni wimbo huo huo. Aprili soja, mlinzi wetu, alifungua geti nusu na Pilipili ikachubuka ubavu wa kushoto. Kosa la soja. Ila anayepelekwa hospitali ni mimi.

Nimelala chali nikalifikiria jambo hili. Kliniki ni siku nzima kwenye foleni. Siku nzima mimi sipo nyumbani. Mnunuzi wa gari anaweza kuja, akatazama, akalipa, akaondoka nalo.

Wanaliuza. Naandika hapa ili siku nikiulizwa nilianza kujua lini, niwe na jibu.

Jumamosi, 14 Juni

Nilikusudia kusimama begani kwa Karis nione kila anachoshika. Mjanja. Akaniambia, "Mzee, hebu ingia upige stata." Nikaingia. Boneti ikiwa juu, mtu aliyekaa ndani haoni kitu. Gari likashika mara moja, akaniambia nizime. Nilipotoka alikuwa ameshaifunga boneti, anapangusa mikono.

Nikamuuliza shida ilikuwa nini. "Ni uzee tu, Mzee. Gari ikikaa sana inaanza kujiamulia." Akacheka. Mimi sikucheka.

Pesa amekataa tena. Mama Njeri amempa avokado mfuko mzima, zile kubwa. Mimi nimekula ndogo.

Alasiri, imekataa.

Nina hasira na wote wawili. Kwa Karis inaniuma zaidi, maana nilisimama kwenye harusi yake. Kisha nikageuka na kuangusha kikombe cha chai. Huyu mwanamke ameanza tabia ya kuweka vitu penye kiwiko cha mtu.

Jumanne, 17 Juni

Mama Njeri ameenda chama Mwihoko. Nimeita fundi mwingine, kijana wa Gatongora, hanijui na hamjui Karis. Hakugusa hata injini. Akafungua kile kisanduku cha fyuzi, akamulika tochi.

"Buda, hii gari haina shida. Fyuzi ya pampu ya petroli imetolewa. Haijaungua, imetolewa. Na imetolewa na mtu anajua."

Akachomeka nyingine. Nikapiga stata. Ikaitika kama siku niliyoinunua. Nilikaa pale ndani nikilia kidogo, sijui kwa nini, kijana akajifanya anafunga vifaa vyake. Huyu amechukua pesa. Huyo ndiye fundi.

Kwa hiyo sina kichaa. Karis hutia fyuzi, gari likawaka, kisha huitoa akaondoka nayo. Anataka nichoke, niseme hata bure lichukuliwe. Alhamisi nitaliendesha mpaka Thika, niegeshe mbele ya gereji yake, nizime injini, nisiseme neno. Tuone atainama wapi.

Mama Njeri amerudi. Nimemwambia gari bado limekufa. Ametabasamu. Nimeona.

Alhamisi, 19 Juni

Sikufika Thika.

Nilisubiri Mama Njeri aende sokoni. Nilikunja paa ingawa kulikuwa na baridi. Soja alifungua geti lote, nikampungia mkono. Barabara ya ndani ilikuwa wazi. Nilikuwa na furaha, na niliiendesha polepole, hilo liandikwe.

Pale kwenye kona ya maduka nikasikia kofi kubwa kwenye bati, upande wa kushoto. Nikakanyaga breki. Mama mmoja alikuwa amesimama usawa wa mlango, kiganja bado juu ya boneti. Mkono mwingine umeshika mtoto kwa kola ya sweta. Mtoto wa nasari. Pakiti yake ya maziwa ilikuwa imepasuka chini ya tairi langu.

"Ngai! Guka, babu yangu, kwani huoni?"

Sweta lilikuwa jekundu. Jekundu kama gari langu. Si kwamba niliwaona nikachelewa. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na barabara tu, kisha pakawa na kofi.

Nilitaka kumnunulia maziwa mengine. Akakataa, akambeba mtoto akaenda. Nimerudi kwa mwendo wa konokono, nikipiga honi kila hatua.

Naogopa.

Ijumaa, 20 Juni

Asubuhi nimeziba jicho la kulia kwa kiganja nikatazama ukuta. Nusu ya kalenda hakuna. Mlango hakuna. Nimeziba la kushoto, vyote vikarudi. Nimerudia mpaka nikachoka. Nimekuwa nikigombana na soja, na wachapishaji wa vitabu, na mzee wa kanisa.

Kifungo cha shati kimetoka. Mama Njeri alikuwa uani akianika nguo, nikachukua mkebe wake wa vifungo. Mimi hutafuta kwa vidole siku hizi, nilidhani ni mazoea tu. Kati ya vifungo kidole kikagusa kitu chenye miguu miwili bapa. Fyuzi.

Mwanzo nilikasirika. Nilisimama na mkebe mkononi nikapanga maneno, tena makali. Halafu nikakumbuka Aprili. Yeye ndiye alikuwa ameketi kushoto. Nguzo ya geti ilipita karibu na goti lake. Hakupiga kelele. Alikaa ndani ya gari muda mrefu baada ya mimi kushuka, ameshika mkoba. Nami niliingia nyumbani nikimtukana soja.

Angeniambia niache kuendesha, ningegombana. Ningegombana mpaka Njeri apigiwe simu, mpaka mchungaji aletwe. Anajua. Ameishi nami.

Nimeenda nje, nikafungua kisanduku, nikaitoa ile ya kijana wa Gatongora. Nikaitia ndani ya mkebe pamoja na yake. Shati nimevaa bila kifungo.

Jumapili, 22 Juni

Gari la jirani. Nimekaa kiti cha nyuma, sikunung'unika.

Jioni mke wangu ameona shati. Akaleta mkebe, akafungua, akatafuta. Alitafuta kifungo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akatunga uzi, akashona, akakata uzi kwa meno.

"Baba Njeri, nikuwekee chai?"

Nikasema ndiyo. Ameweka kikombe kulia. Nikamwambia kama kliniki ni Jumanne, twende Jumanne.

Jumamosi, 28 Juni

Jumanne daktari aliniambia nilichokwisha kujua. Presha ya macho. Dawa ya matone asubuhi na jioni, maisha yote. Jicho la kulia litalindwa. La kushoto, kilichokwenda kimekwenda.

Nimefunua turubai saa tatu. Nimepangusa vumbi, nimeangalia oili, nimeangalia maji. Karis amekuja. Nilikuwa sijampigia simu. Amefungua boneti akainama, nami nikainama kando yake. Alitazama kile kisanduku, akaona nafasi tupu, akasubiri niseme kitu.

"Imekataa tena," nikamwambia.

"Imekataa, Mzee. Ni uzee."

Akafunga boneti bila kugusa chochote. Mama Njeri akaleta chai na avokado, tukanywa tumeegemea mlango. Tukaongea habari za bei ya mbolea. Tulipomaliza chai tukalifunika gari. Turubai lina pande mbili. Karis akazunguka akashika upande wa kushoto.