Pointi Namba Saba

Jumatatu, 8 Septemba

Nimefuta reli kwa spiriti, kama kila Jumatatu. Meza nzima, kutoka stesheni ya mbao hadi daraja la bati. Pamba imetoka nyeusi. Vumbi la mtaa wetu wa Sofu halina adabu.

Treni ndogo ya mfano inatembea. Pointi sita zinatii. Namba saba haitii.

Nitaeleza kwa maneno yangu, nione kama nimeelewa. Nilikuwa nikiwadai wanafunzi hivyohivyo. Pointi ina ulimi wa chuma unaohama ili treni ishike njia hii au ile. Ninabonyeza namba kwenye kisanduku. Kipokezi kilicho chini ya meza kinaitambua namba yake. Sumaku inauvuta ulimi: tak. Namba saba ni mahali treni inapovuka kutoka reli ya kwanza kwenda reli ya pili, kwa hiyo ina ndimi mbili, mmoja kila upande. Leo zote mbili zilisimama katikati. Kichwa cha treni kiliacha njia mara nne.

Jumamosi treni hii itaonyeshwa katika chuo cha ufundi, Kisarawe. Nimewekeana ahadi na mwanangu Emanueli mbele ya ndugu. Ikizunguka, meza ya baba yake inabaki chumbani. Isipozunguka, Jumapili inavunjwa, na chumba kinakuwa cha vifaranga vyake. Nilikubali kwa kiburi. Sijutii.

Jumanne, 9 Septemba

Emanueli amekuja na futi. Amepima chumba, ukuta hadi ukuta. Leo ni Jumanne. Ahadi ni Jumamosi. Nimemwambia hivyo, naye amesema anapima tu, Mama. Kisha ameisahau futi juu ya reli. Chuma juu ya reli! Umeme ungekuwa umewashwa, angeunguza kila kitu. Nimeitia kabatini.

Shemeji Gervas amepiga simu kutoka Kisarawe. Ni mdogo wa marehemu mume wangu. Ndiye aliyezungumza na chuo, na sasa anashauri treni isimamishwe mezani kama pambo, watu waitazame bila kuiendesha, tusije tukaaibika.

"Shemeji, reli si chaki," akasema.

"Wala si tiketi," nikamjibu.

Alikata tiketi dirishani miaka ishirini na sita. Hajawahi kugusa pointi.

Pambo sipeleki.

Jumatano, 10 Septemba

Zainabu amefika asubuhi kutoka Picha ya Ndege. Anatengeneza redio na simu. Ana watoto watatu na sauti ya kusikika barabarani. Amelala chini ya meza kwa saa mbili akipima nyaya. Nyaya nzima. Vipokezi vizima. Sumaku nzima.

"Hii mashine inazingua tu, Mwalimu."

"Mashine hii."

"Haya, mashine hii. Inazingua."

Kisha amegundua jambo. Ndimi zote mbili za saba zimepewa namba moja. Anataka mmoja aupe namba nane, kila mmoja ujitegemee. Nimekataa. Nimemwonyesha daftari la Filbert, mume wangu, fundi wa ishara za reli tangu ujana wake hadi kustaafu. Ameandika: "Pointi 7, ncha zote mbili, namba moja. Daima." Amepiga mstari mara mbili. Kwenye reli ya kweli mkono mmoja unahamisha ncha zote mbili, ili moja isifunguke huku nyingine imefungwa na treni ikaangamia. Alinieleza hayo mezani, mara nyingi kuliko nilivyopenda.

"Marehemu hakuwa malaika, Mwalimu."

"Wala hakuwa mzembe."

Amebadilisha transfoma. Bado. Umeme umekatika saa nane. Ameondoka.

Sikuipenda meza hii alipokuwa hai. Ilikula chumba. Lakini haitavunjwa na mtu aliyeshindwa kusubiri hadi Jumamosi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeelewa. Ninaandika haraka, na mwandiko huu ni mbaya.

Nilikuwa jikoni nakata mchicha. Zainabu alikuwa chumbani akijaribu saba, akizirudisha ndimi kwa mkono kila baada ya jaribio. Tak. Kimya. Baada ya dakika kadhaa, tak. Kimya. Sauti ile ikanikera, nisijue kwa nini. Haikuwa sauti niliyoizoea. Miaka yote, kutoka jikoni, nilisikia tak, kikohozi, tak. Tak, kikohozi, tak. Nilidhani ni vumbi. Nilimtengenezea tangawizi. Nilimgombeza kwa ajili ya kikohozi kile.

Nimekwenda chumbani na kisu mkononi. Zainabu amerudi nyuma hatua moja.

"Bonyeza. Sasa ngoja. Bonyeza tena."

Ndimi zote mbili zimefika mwisho.

Zainabu amekaa sakafuni akacheka hadi machozi, kisha akanifafanulia. Kisanduku kinakusanya nguvu ya pigo moja. Ndimi mbili zenye namba moja zinagawana pigo hilo, kila mmoja unafika nusu. Kisanduku kikipewa muda wa kujaa tena, pigo la pili linamalizia. Ukiharakisha, hakuna kitu.

Kwa hiyo Filbert alijua. Alijua na hakuandika. Mtu aliyeandika hata siku aliyobadilisha balbu! Kanuni yake ilikuwa na udhaifu, naye akaona heri akohoe maisha yake yote kuliko kuivunja.

Nimekasirika. Nimekasirika sana. Mchicha nimeupika ukaungua.

Zainabu bado anataka namba nane. Nimemwambia hapana, si wiki hii.

Jumamosi, 13 Septemba

Tumepakia meza kwenye kirikuu, vipande viwili, mablanketi katikati. Zainabu amekaa nyuma akiishikilia njia nzima. Emanueli ameendesha polepole. Kisarawe kulikuwa na ubaridi, na vilima vilifunikwa na ukungu.

Tumeunganisha meza ukumbini. Nimekwenda kunawa vumbi. Niliporudi, Shemeji Gervas alikuwa ameshika kisanduku mbele ya walimu na wanafunzi, akieleza mambo ya reli kama aliyezaliwa garini. Amebonyeza saba, mara moja. Kichwa cha treni kimefika pale, kimepanda ulimi, kimelala ubavu. Watu wamecheka.

"Si nilisema?" amewaambia. "Hiki ni cha kutazama tu."

Emanueli aliangalia sakafu. Sikujua kama ni aibu au nafuu.

Nimemnyang'anya kisanduku. Nasema nimemnyang'anya kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Nimekiinua kichwa cha treni kwa mkono wangu na kukirudisha relini. Nimebonyeza saba. Nimekohoa, kikohozi kirefu kikavu kama chake, maana ndicho kipimo pekee ninachokijua. Nimebonyeza tena.

Treni imevuka. Ikazunguka. Ikavuka tena. Mara tatu, mabehewa yote matano. Wanafunzi wamepiga makofi. Zainabu amepiga kigelegele mle ukumbini.

"Bahati," amesema Gervas.

"Bahati haizunguki mara tatu, Shemeji. Jaribu wewe."

Amekuwa mgumu kidogo. Kisha amebonyeza.

"Sasa kohoa."

"Nini?"

"Kohoa, Shemeji. Ndugu yako alikohoa miaka yote."

Amekohoa, mbele ya ukumbi mzima. Amebonyeza tena. Treni imevuka. Ameiangalia hadi ilipoingia stesheni, na sikuweza kumtania zaidi, kwa sababu alikuwa anafuta macho kwa kiganja.

Jumapili, 14 Septemba

Nimetoka kanisani saa nne. Emanueli alikuwa amekwisha kuirudisha meza chumbani, peke yake, na kuiunganisha. Vifaranga vitakaa stoo ya nyuma. Ameulizia futi yake. Nimempa.

Baada ya chakula amesimama mlangoni. Nikabonyeza saba. Yeye ndiye aliyekohoa.

Zainabu ametuma ujumbe kuhusu namba nane. Nitamjibu kesho.

Nimefungua daftari la Filbert. Chini ya mistari yake miwili palikuwa na nafasi ya sentensi moja. Nimeandika kwa wino: "Bonyeza, kohoa, bonyeza tena." Nimesoma mara mbili. Hakuna kosa.

Nimefunika meza kwa shuka.