Wakili Wetu na Vazi Tusilolijua

Hukuwa na meno mawili ya mbele. Hukuwa na subira, wala kiatu ambacho mwenzake alijulikana alipo. Sauti ya kunong'ona hukujaliwa. Hukuwa na adui mtaa mzima, ingawa uligombana na wote. Na zilibaki siku kumi na moja utimize miaka saba, kwa hiyo hata hiyo saba hukuwa nayo.

Leo umetimia mwaka, mjukuu wetu, tangu nyumba hii ikose wa kuibishia.

Tulikuita Wakili kwa sababu kila hukumu ya hapa uliikatia rufaa. Chumba cha cherehani cha babu yako mzaa mama ndicho kilikuwa mahakama yako. Ulikaa chini ya meza ya kukatia, ukiokota vipande na kuwatetea wateja. "Babu, huyu mama suruali ya mwanawe imebana. Mpe haki yake!" Na babu yako, aliyeshona miaka arobaini na tatu bila kurudishiwa nguo, akaifumua. Dada yako, yule tunayemwita Bubu kwa utani, ulimsemea kila kitu.

Juma lile mliugua wote wawili, kitanda kimoja, chandarua kimoja. Zahanati ikapima damu: malaria. Dada yako alikutwa na vimelea vingi kukuzidi. Mkapewa dawa zile zile. Siku ya pili yeye alikuwa uani anaruka kamba. Wewe ulikaa unatazama ukuta.

"Baba, huyu hajanibishia tangu asubuhi," mama yako akasema. "Tumrudishe."

"Mwenzake mwenye vingi amepona," babu yako akajibu. "Dawa nayo inataka muda. Tungoje jioni."

Jioni ulishikwa na degedege. Hospitali walihangaika na wewe siku mbili. Hukuamka.

Babu yako alisoma ukubwani, shule ya jioni, na hakuzoea kukaa na jambo asilolielewa. Alirudi hospitali mara nne, hadi daktari wa utafiti, binti mdogo kuliko mama yako, akamkalisha kwenye stuli ya maabara.

"Mzee, wingi wa vimelea si kila kitu. Kimelea kikiingia kwenye chembe ya damu, huivika vazi. Kina jeni kama sitini za kazi hiyo, na kwa wakati mmoja hutumia moja tu."

"Yaani karatasi sitini za kukatia, lakini anavaa nguo moja?"

"Hapo hapo. Mavazi mengine hayaleti makali sana. Mengine yana kama vishikizo. Yananasa kwenye mishipa myembamba ya ubongo, damu inakwama."

"Kabati lake kubwa kuliko la shangazi yao hawa watoto! Sasa, binti, mjukuu wangu alikuwa na lipi?"

"Sijui, mzee. Na hata tukilijua, damu ya mtoto mmoja haitoshi kusema hilo ndilo lililomuua. Tunahitaji mamia."

Babu yako ameshika vitambaa maisha yake yote, na vazi hilo moja hakuweza hata kuligusa.

Mwezi uliopita ililetwa fomu. Damu yako kidogo bado ipo kwenye kichupa, katika friji ya maabara. Waliuliza mawili: je, tunaruhusu ichunguzwe? Na wakiona kitu, tuambiwe? La kwanza mama yako alilisaini huku analia, kwa ajili ya watoto wa wengine. La pili lilikaa mezani siku tisa.

"Mimi sitaki, baba," alisema. "Wakisema ni vazi, utapumua. Wakisema siyo, utabaki na ile jioni yako. Na mimi nitabaki na wewe humu ndani. Nitakutazama kwa jicho gani?"

Wewe ungepata la kusema.

Wanaokukumbuka ni mama yako, baba yako, aliye kazini mbali, shangazi yako, dada yako, ambaye siku hizi analala upande wako wa ukutani, na babu yako fundi. Pumzi ikiwamo, jina lako limo, Wakili.

Leo asubuhi babu yako aliweka alama kwenye Ndiyo ya swali la pili, hata kama jibu litakuja kumtaja yeye. Mama yako aliitazama alama ile. Aliikunja fomu mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi, akaibana kwa kiganja. Kisha wakaongozana hadi posta, baba na binti yake, wakaitumbukiza.