Kuzoea Si Kubadilika

Mpwa wangu wa barafuni,

Sisi wazima, ila mama yako hatulii, na mimi kanitoa utulivu. Hata barua hii naandika nikinyanyuka na kukaa.

Habari zako za vijidudu unavyochunguza huko kwenye ncha ya dunia niliwasomea wenzangu wa chumba cha baridi cha samaki. Nikawaeleza kuwa jeni za vijidudu hao zimegeuka, mafuta ya utando wa seli zao hayagandi hata baridi ikipasua vyuma. Mpakiaji mmoja akasema, "Basi mjomba na wewe ni kijidudu." Nikamwambia mimi ni zaidi, maana niliwahi kufungiwa humo nikatoka natiririka jasho, na papa mzima nimemyeyusha kwa pumzi.

Lakini mwishoni uliandika, "Nimezoea huku." Neno hilo mama yako halijamshuka. Kutwa anatandika kitanda chako na kukitandua. "Kaka, kama wadudu wamebadilika, mwanangu je? Atarudi kweli?"

Nikajitia uprofesa. Nikamwambia kijidudu hakizoei, kinazaa. Anayezaliwa akiwa na jeni iliyogeuka ikamfaa ndiye anayepona, kizazi hadi kizazi. "Binti yako ni kizazi kimoja tu. Amezoea, hajabadilika."

Akakunja shuka. "Na akizalia huko?"

Hapo profesa nikatafuta kalamu. Njoo umjibu mwenyewe, umekaa juu ya kitanda hicho.

Mjomba wako asiyeganda