Lastiki Chini ya Kiti

Jumatatu, 3 Machi

Nimeitwa shule tena. Nimeacha suruali ya mteja ina mguu mmoja, nikatoka na utepe wa kupimia shingoni. Mwalimu mkuu hakunikaribisha hata kiti. Binti yangu Bobini katoka darasani katikati ya mtihani, kapanda ngazi ya mafundi wanaoezeka paa. Alipoulizwa alifuata nini, kasema alitaka kuona misumari inavyoingia. Mtoto wa miaka tisa, juu ya paa, na sketi! Karatasi yake ya hesabu nyeupe karibu yote.

Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi ndani ya cherehani, ni jina nililompa mimi. Fundi cherehani atamwitaje mtoto asiyeacha kuzunguka? Sasa hata walimu wanamwita hivyo. Sipendi wanavyolitamka.

Jioni nyumbani baba yake kasikiliza yote bila kuacha kula. Kisha kasema Jumapili mtoto anakwenda kuishi kwa shangazi yake. Nikamwambia tusubiri, kesho tuna miadi na daktari. Kasema daktari hatoi adabu.

Wifi yangu huyo alikuwa matroni wa bweni, sasa amestaafu. Anasifika kwa kunyoosha watoto. Niliwahi kulala kwake siku mbili, nikawa natandika kitanda kabla hakijapoa. Bobini pale? Atavunjwa. Sitaki aende. Nimesema mpaka mate yamenikauka, sasa naandika.

Jumanne, 4 Machi

Hospitali. Mume wangu hakuja, ana kazi ya kuvuta nyaya kwenye ghorofa fulani. Haya.

Daktari ni mama wa makamo, sauti ya chini. Bobini alikizungusha kiti cha ofisi cha daktari, akafungua droo, akauliza kwa nini ukuta una ufa. Daktari hakumkemea hata mara moja. Maoni ya walimu alikuwa nayo tangu mara ya kwanza. Mwisho kasema: ADHD. Nikamwomba arudie polepole, kwa lugha ya mtu aliyeacha kazi mezani.

Kasema si utundu, wala si malezi mabaya. Kila kinachopita kinamwita, na yeye hana namna ya kukataa kuitika. Kusikia anasikia, kushika ndiko kazi. Nimwambie jambo moja, si manne kwa mpigo. Niupe mwili wake kakazi kadogo, kichwa kipate nafasi. Dawa zipo, hilo tutalizungumza na baba yake akiwepo.

Nililia kwenye korido. Nusu uchungu, nusu nafuu. Miaka yote hii naambiwa nimemdekeza!

Jioni nikamweleza mume wangu. Kasema, "Utundu ulikuwa na jina tayari, tena la Kiswahili." Ningejibu tungevunja vyombo.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimeona kitu kwa macho yangu.

Bobini alikuja chumba cha kushonea baada ya shule. Kakaa kwenye cherehani ya zamani ya miguu, ile niliyoivua mkanda asije akajishona vidole. Akawa anapiga pedali bure, tikitiki, tikitiki, na kitabu cha kusoma mbele yake. Nilikuwa karibu kumwambia aache kelele. Nikagundua anasoma. Ukurasa mzima. Akafunua mwingine. Huyu ambaye sentensi mbili tu huwa tunashikana mashati!

Niliogopa hata kukohoa.

Lakini cherehani haiendi shule. Nikakata lastiki pana ya kiunoni, nikaifunga kutoka mguu mmoja wa mbele wa kiti mpaka wa pili, usawa wa nyayo zake. Anakaa, anaisukuma kwa miguu, inamrudishia. Nikamwambia jambo moja tu: maliza mstari huu. Kaumaliza. Kaomba mwingine, yeye mwenyewe.

Kesho jioni baba yake ataona. Akiona, safari imekufa.

Alhamisi, 6 Machi

Ameona.

Aliingia na begi lake la vifaa begani. Bobini alikuwa mezani, miguu kwenye lastiki, ulimi nje, anafanya hesabu kama mtu mzima. Mimi nasubiri sifa. Mume wangu kainama akatazama chini ya kiti. Kauliza nani amemfunga. Sauti ilikuwa ngeni kabisa. Kadondosha begi, kachukua mkasi wangu wa kitambaa — mkasi ambao humu ndani hakuna anayeugusa, hata karatasi haujawahi kuonja — kaikata ile lastiki vipande.

"Mtoto wangu hafungwi kwenye kiti."

Nikamwambia hajafungwa, tazama, miguu iko huru. Hasikii. Bobini kasema, "Baba, ile ilikuwa ya miguu yangu." Hasikii. Katoka bila kula.

Nina hasira mpaka nimeharibu kola ya watu. Anataka kumpeleka mtoto akanyooshwe, halafu kilastiki kinamtoa jasho? Eti mimi nimfunge mtoto! Nina mtoto asiyetulia na mume asiyeeleweka. Tumelala mzungu wa nne, kichwa chake miguuni pangu.

Ijumaa, 7 Machi

Hatuzungumzi. Kaleta begi jipya la safari, kaliweka karibu na mlango. Bobini kaliingia mzima, kavuta zipu, kacheka mle ndani. Hajaelewa. Au ameelewa.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi amefika. Kabla hajakaa alikuwa ameshapanga viatu vyetu. Bobini kamkimbilia, kamkumbatia, kamwangusha miwani. "Ukitoka kwangu utakuwa umenyooka," ndiyo salamu aliyopewa.

Mchana mezani Bobini kanyanyuka, karudi, kanyanyuka. Nikaona heri nijaribu bahati kwa wifi. Nikamweleza ya lastiki, na jinsi kaka yake alivyowaka. Nilidhani atanisaidia kumcheka.

Kacheka kweli. "Lastiki? Kwetu ilikuwa kamba!"

Akasimulia, huku anaongeza mchuzi. Kwamba huyu kaka yake alikuwa upepo, hakai. Kwamba marehemu baba yao alitoa amri afungwe kwenye mguu wa meza kila akitoka shule, mpaka amalize kazi za walimu, na yeye dada ndiye aliyekuwa akifunga. Kwamba siku moja walikwenda msibani wakamsahau pale. "Na leo mwone. Fundi umeme, mtu na heshima zake. Si alinyooka?"

Mume wangu kaweka kijiko chini. Miaka kumi na moja ya ndoa, sijawahi kusikia habari hii. Alhamisi yote ikanirudia, na hasira yangu ikaniaibisha.

Bobini alikuwa amesimama kwenye friji, mlango wazi, ametulia tuli. Hakuna aliyemwambia atulie.

Nilimfuata mume wangu jikoni. Nikamuuliza: unampeleka huko huko? Kasema dada yake ndiye aliyemlea, nisimseme vibaya. Kisha: "Nilifaulu. Sikufaulu?" Kakifungua kisoketi ambacho ni kizima, kakaa nacho mpaka chakula kimepoa.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi. Gari la kuwapeleka stendi liko nje. Nimekwisha kusema yangu: mtoto akitoka, natoka naye. Mume wangu hakunijibu, kaingia chumbani kwa Bobini kumvalisha viatu. Bobini anajua kuvaa viatu.

Niko kwenye meza ya kukatia. Mlango wao uko wazi kidogo. Naandika ili nisiingie.

Anamuuliza baba yake kamba ilikuwa ya rangi gani. Kasema ya kijani. Ilikuwa inauma? Kidogo. Ulikuwa unahesabu au unalia? Kasema vyote viwili.

Honi. Wifi yuko sebuleni, begi mkononi, anamwita kaka yake aharakishe, basi halimsubiri mtu.

Bobini: "Ile siku ya msiba, nani alikuja kukufungua?"

Baba yake kaacha kufunga kiatu.

Bobini karudia swali. Hilo moja tu, hajarukia jingine. Wifi ameacha kuita. Ameliweka begi chini, naye anasikiliza.