Wiki Sita za Chai ya Bure

Trudy uko? Sijui nicheke au nilie.

Bosi wangu, yule Clive, kaniita pembeni leo asubuhi. Masikio mekundu kwa haya. Eti, "Janelle, wenzako wanasema unaringa."

Mimi! Naringa!

Kumbe ni chai. CHAI, Trudy! Huku Uingereza ukinyanyuka ofisini kujitengenezea chai, lazima uwaulize wenzako wote nani anataka, uwatengenezee. Wanapokezana. Wiki sita wananiletea vikombe mezani, nami nasema asante, nadhani ni ukarimu tu. Wiki sita nimekunywa, sijamtengenezea hata mmoja!

Na hakuna aliyefungua mdomo! Wananichekea usoni, halafu wanakwenda kunisema kwa bosi. Mimi bado niko kwenye majaribio. Wakinikataa, kibali cha kazi kimekufa, narudi Marekani, kwetu Tulsa, na nyumba nimeshauza!

Nikasema haya, leo watanijua. Nikawauliza wote wanne. Nikajaza maji vikombe vinne, nikaviingiza kwenye maikrowevu kama tunavyofanya nyumbani.

Trudy, vichwa vyote viligeuka. Hazel, yule mama anayekaa dirishani, kashika kifua: "Maji ya chai? Humo?" Na birika la umeme liko hapo hapo kando!

Clive akaja mwenyewe, akanishika bega taratibu kama mgonjwa: "Acha tu, dada. Tutaendelea kukuletea."

Nimewaomba msamaha wote, mmoja mmoja.

Wameniletea chai.