Saa Nzima ya Kiswahili kwa Bwana Gurnam

Stechford, Birmingham
17 Juni 2007

Mpendwa dada Marlène,

Pokea salamu zetu sote. Goti lako linaendeleaje? Na mvua za Bukavu zimekwisha salama? Mimi ni mzima. Kifua kilichonisumbua wakati wa baridi kimetulia, na jioni nasoma nje mlangoni mpaka macho yachoke.

Furahi, dada: binti yako Mireille amepata cheti. Sasa ni mshauri nasaha kamili.

Uliniuliza kwa nini asome miaka yote hiyo ili asikilize shida za watu, kazi ambayo shangazi yetu aliifanya huku akichambua maharagwe. Sheria ya hapa haimkatazi mtu kujiita mshauri, lakini chama chao hakimtambui asiye na diploma, wala asiyefanya mazoezi chini ya msimamizi. Tena chuo chake kina sharti jingine: mwanafunzi mwenyewe lazima akae mbele ya mshauri aeleze yake.

Hapo ndipo Mireille alipokwama. Wiki nyingi alikwenda kwa mshauri wake, Bwana Gurnam, mzee mpole wa Kipunjabi kule Sparkbrook, akazungumzia hali ya hewa. Unakumbuka baba yake alizikwa yeye akiwa huku, karatasi zake za ukaazi hazijatoka, asiweze kusafiri. Tangu siku hiyo hakumtaja. Kila alipojaribu, Kiingereza kilimtoka kama ripoti ya kazini. Chuo kikamwonya kwamba hivyo hatapata cheti.

Ndipo Bwana Gurnam akamwambia, "Sema kwa lugha inayokujia. Mimi nitakaa hapa."

Akasema Kiswahili saa nzima. Alilia, akamgombeza marehemu, akamwimbia. Mzee yule hakuelewa neno, wala hakuondoa macho. Nilimwuliza Mireille kama saa hiyo ilihesabiwa.

"Mjomba, sharti ni mimi niseme, si yeye aelewe."

Jumapili iliyopita baada ya ibada tulisherehekea kwa sombe ya majani ya muhogo na samaki. Niliposimama kumpa wosia, akanikatiza mbele ya watu: "Mjomba, wewe ungefeli mwaka wa kwanza. Mtu hajamaliza kusema, umeshamshauri." Mchungaji alicheka mpaka akafuta machozi, nami nikacheka kumshinda.

Wasalimie Raphaël na Mardochée, na jirani yako Goretti. Mungu ailinde nyumba yako, na safari ya mtoto wako pia, maana Agosti anakuja. Anataka mwende pamoja kwenye kaburi la baba yake, akuambie yale aliyoyasema siku ile. Mimi sikumwuliza ni yapi.

Wewe utaelewa kila neno.

Akupendaye, karibu au mbali,
Kaka yako Athanase