Nguruwe Sijamwonja, Mnyoo Uko Kichwani

Mama Spéciose wa redio, nisaidie, maana hapa mtaani kwetu Asiatique sina tena wa kuongea naye. Tangu Ramadhani naanguka kifafa, mara ya mwisho niliangukia jiko la makaa, mkono ukaungua na watu wamesimama tu wakiogopa povu langu, hata mume wangu Anouar, ambaye nampenda mpaka leo. Daktari alipopapasa vivimbe chini ya ngozi yangu akanipima, akasema ni mayai ya mnyoo wa nguruwe, yamegeuka vifuko kichwani. Mama mkwe wangu, Assia, akasema mbele ya majirani, “We ulikula nguruwe kwa siri, apana kataa! Mi sitakula tena na mutu kama huyu.” Nimetengewa sahani, binti yangu Houda amepelekwa kwa shangazi yake, na wallahi nguruwe sijamwonja. Daktari anataka nilazwe ninywe dawa, lakini Anouar anasema nikizimeza nitakuwa nimekiri, na hospitali haipokei mgonjwa asiye na garde-malade wa kumpikia na kumlinda, nami mama yangu alikimbilia Uvira kwa ajili ya vita, sina mtu. Nife hivi hivi na jina langu safi?

Waridi, 2001

Waridi, pole sana, nimelia nikisoma. Sasa futa machozi unisikilize, maana umenikasirisha pia. Jina safi kaburini litamlea Houda?

Anayekula nguruwe asiyeiva hupata mnyoo tumboni. Mayai hutoka na choo chake, na asiponawa mikono huyafikisha kwenye chakula cha wenzake. Wewe ulimeza mayai, si nyama. Mimi Mkristo nguruwe nimemla tangu utotoni na sijaanguka. Wewe hujamwonja, umeanguka. Mnyoo hauulizi dini.

Kwa hiyo wote nyumbani wapimwe choo, Anouar na mama yake wakiwa wa kwanza, kabla hawajafungua tena midomo. Povu haliambukizi, anayeanguka avutwe mbali na moto, alazwe ubavu. Dawa ya kifafa meza kila siku. Ile ya minyoo usithubutu kuinunua sokoni: vifuko vikianza kufa ubongo huvimba, ndiyo maana daktari anataka akuangalie kitandani.

Jumatatu saa mbili asubuhi fika mlangoni pa redio na nguo zako. Garde-malade wako ni mimi. Nimenunua sufuria mpya, nguruwe hajaigusa.